Ghorofa Mpya, Mashine Kuukuu

Mtu akishuka matatu Mugutha, kati ya Ruiru na Juja, kisha akaambiwa kwamba Kenya imepunguza kasi ya kujenga, atacheka. Pande zote mbili za barabara kuu ya Thika kuna mjengo. Malori ya mawe kutoka machimbo ya Ndarugo yanapishana na ya mchanga na kokoto, vibao vya ploti vimesongamana hadi kwenye nguzo za stima, na palipokuwa na mibuni sasa pana nyumba za kupangisha za orofa nne au tano. Lakini ukifungua vitabu vya Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, hesabu inaelekea upande mwingine.

Wanauchumi hupima jambo hili kwa uwiano mmoja. Katika kila shilingi mia za Pato la Taifa, ni ngapi zilizowekwa kwenye vitu vya kudumu vitakavyozalisha mwaka baada ya mwaka: majengo, barabara, mabwawa, mashine, magari ya kazi, hata miti ya mazao kama mibuni na michai? Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, baada ya baridi kali kuharibu kahawa ya Brazil mnamo Julai 1975 na bei ya dunia kupaa, uwiano huo nchini Kenya ulipita 20 na kukaribia robo ya pato lote. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 ulikuwa umeshuka hadi 16 au 17 hivi. Ukapanda tena, ukapita 20 mnamo miaka ya 2013 na 2014, enzi ya barabara kuu na reli mpya. Kisha ukaanza kuteremka, na miaka hii umerudi karibu pale ulipokuwa Kenya ilipotoka katika utawala wa Moi.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Hesabu za pato la Kenya zimepangwa upya mara kadhaa. Mwaka 2014 ukubwa wa uchumi uliongezwa kwa takriban robo kwa siku moja, kwa sababu tu shughuli zilizokuwa hazihesabiwi ziliingizwa, na mwaka 2021 mwaka wa msingi ukahamishiwa 2016. Kwa hiyo anayelinganisha 1978 na 2023 kwa nukta za desimali anajichosha bure. Mwelekeo, hata hivyo, hauna shaka, na umbali kutoka kwenye ahadi hauna shaka pia: Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008, ilitaka uwekezaji uzidi asilimia 30 ya pato ili uchumi ukue kwa asilimia 10 kila mwaka. Haujawahi kufika huko. Tanzania, jirani tuliyezoea kumtazama kwa mbali, miaka ya karibuni imekuwa ikizungukia asilimia 40. Ethiopia ilikaribia kiwango hicho kabla ya vita vya Tigray.

Basi mbona Mugutha inafura?

Jibu la kwanza limo katika kile ambacho hesabu hii haikihesabu. Ununuzi wa ardhi si uwekezaji wa mtaji wa kudumu. Ekari ya Mugutha ilikuwepo kabla ya walowezi na itakuwepo baada yetu. Inapouzwa, fedha zinatoka mfuko huu na kuingia mfuko ule, na nchi haijaongezewa hata msumari. Muuzaji akizitumia kununua mashine ya kukausha maembe, hapo pana uwekezaji. Akizipeleka Kenol au Makuyu kununua ploti nyingine iliyo nafuu zaidi, mzunguko unaanza upya, safari hii umbali wa kilomita chache kaskazini.

Na ni fedha nyingi. Akiba ya Mkenya wa kipato cha kati hupitia njia zinazojulikana: chama, SACCO, mafao ya kustaafu, na zile zinazotumwa na jamaa walio ng'ambo, ambazo mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5. Sehemu isiyo ndogo ya mto huo huishia kwenye hati ya kumiliki ploti ya hamsini kwa mia. Nyingine hukaa hapo miaka kumi bila hata ua, ikingoja bei ipande. Mwenye ploti anajiona amewekeza, na kwa upande wa mfuko wake ni kweli. Kwa upande wa nchi amekamata nafasi tu.

Jibu la pili linahusu kinachohesabiwa. Ghorofa ya wapangaji ni mtaji wa kudumu, tena halali. Watu lazima walale mahali, na mji wa Ruiru ulioandikisha wakazi chini ya robo milioni katika sensa ya 2009 ulikaribia nusu milioni mwaka 2019. Lakini ndani ya fungu hilo moja la uwekezaji kuna vitu vya tabia tofauti kabisa. Nyumba ya kupangisha hukusanya mshahara uliolipwa kwingine. Mashine huuzalisha mshahara huo. Katika kila bedsita ya Mugutha kuna mtu anayetegemea kazi iliyoko Thika, Ruiru, Eneo la Viwanda la Nairobi, au masomo ya chuo kikuu cha JKUAT pale Juja. Nyumba zikiongezeka haraka kuliko vyanzo vya mishahara, landilodi hulazimika kuteremsha kodi au kukaa na vyumba vitupu, na mkopo wa benki haumsubiri.

Kuna jambo la tatu ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha, nalo ni mibuni yenyewe. Mbuni unaozaa kwa miongo kadhaa huhesabiwa kuwa mtaji wa kudumu sawa na tingatinga. Nyanda hizi za kati ya Ruiru na Thika zilikuwa moyo wa kahawa ya mashamba makubwa. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko Ruiru, na aina ya Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani, ilitolewa hapo mwaka 1985. Miaka michache baadaye, msimu wa 1987/88, Kenya ilivuna kahawa nyingi kuliko wakati wowote, karibu tani 130,000. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa mgawo wa kahawa ukavunjika, bei ikaanguka, malipo ya wakulima yakacheleweshwa na kumezwa njiani, na leo mavuno ya nchi hayafiki nusu ya yale. Mkulima aliyeng'oa mibuni yake Kiambu akajenga vyumba hakukosea hesabu. Ila hesabu ya taifa ina upofu wake. Uwekezaji tunaoutaja ni ghafi: unaandika nyumba iliyosimama bila kufuta shamba lililoangushwa ili isimame. Ndivyo ilivyo hata kwa uchakavu wa kawaida. Mwenye kinu cha posho akinunua mashine mpya mahali pa iliyochakaa, ametumia fedha na ameandikwa kuwa mwekezaji, lakini hasagi debe moja zaidi ya jana. Nchi inayowekeza 17 katika mia, ikaondoa uchakavu, kisha ikagawa kilichobaki kwa idadi ya watu inayoongezeka kila mwaka, inabaki na nyongeza nyembamba sana kwa kila mfanyakazi.

Thika inasaidia kuelewa jinsi mambo yalivyokuwa. Reli ilifika pale mwaka 1913, na mwishoni mwa miaka ya 1940 Kenya Canners ikaanza kusindika matunda; Del Monte ikaingia mwaka 1965 na mananasi yakawa alama ya mji. Metal Box, watengenezaji wa mikebe, walijenga Thika pia. Thika Cloth Mills ilianzishwa 1958. Kampuni ya Kenya Nut ikaja 1974, na mwaka uo huo serikali ikaingia ubia wa kuunganisha malori na mabasi ya Leyland, kiwanda ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Tazama mpangilio: shamba linalisha kiwanda, kiwanda kinahitaji mikebe, mikebe inahitaji mafundi, mafundi wanahitaji nguo na basi la kwenda kazini. Nyumba za Makongeni na Kiganjo zilifuata kazi. Mugutha ya leo imepindua utaratibu huo. Nyumba zimetangulia, kazi inatafutwa baadaye.

Nisiupake sukari wakati ule. Viwanda vingi viliishi kwa leseni za kuagiza bidhaa na ushuru mkubwa uliowazuia washindani, na vingine vilikuwa vya serikali kwa jina na vya wakubwa kwa faida. Hata fedha za kahawa za 1976 na 1977 hazikwenda zote kwenye mashine. David Bevan, Paul Collier na Jan Willem Gunning, waliochunguza kipindi hicho kwa kina, walionyesha kwamba wakulima waliweka akiba kubwa kuliko wengi walivyodhani, lakini kwa kuwa udhibiti wa fedha za kigeni ulizuia njia nyingine, akiba hiyo ilimiminika kwenye ujenzi na kupandisha gharama zake. Tabia ya kuzika faida kwenye mawe haikuanzia Mugutha.

Kilichofuata ni miaka ya 1990, na hapo ndipo uti wa mgongo ulipovunjika. Wafadhili walisimamisha misaada Novemba 1991. Kashfa ya Goldenberg ikafyonza Benki Kuu, na katikati ya mwaka 1993 riba ya hati za muda mfupi za Hazina ilipanda kupita asilimia 70. Hakuna kiwanda duniani kinachoweza kushindana na serikali inayolipa hivyo. Mwaka huohuo leseni za kuagiza bidhaa zilifutwa. Nguo za mitumba ziliingia kwa marobota, na viwanda vya nguo vikafa kimoja baada ya kingine: Kicomi ya Kisumu, kisha Rivatex ya Eldoret mwaka 2000. Thika Cloth Mills ilikuwa miongoni mwa vichache vilivyosalimika. Ulegezaji ule ulikuwa na hoja zake, lakini ulimkuta mwenye kiwanda akiwa na mashine za 1960, barabara zenye mashimo na mkopo usiolipika, kisha akaambiwa ashindane. Wengi hawakufunga siku ya kwanza. Waliacha kununua vipuri, wakatumia mashine hadi zikasimama. Kushuka kwa uwekezaji mara nyingi hakuna kishindo. Mwaka huu hununui mpya, mwaka ujao hukarabati, na mwaka wa tano takwimu zinasema kile ambacho fundi wa zamu alikijua siku nyingi.

Barabara kuu ya Thika, kilomita 50 hivi, ilijengwa kati ya 2009 na 2012 kwa fedha za serikali, Benki ya Maendeleo ya Afrika na mkopo wa China, kwa gharama iliyozidi shilingi bilioni 30. Rais Mwai Kibaki aliifungua Novemba 2012. Huo ulikuwa uwekezaji wa kweli, na atakayesema vingine hakuwahi kukaa saa tatu kwenye msongamano wa Githurai. Lakini angalia faida yake ilikwenda kwa nani. Bei ya ardhi ya kando ilipanda kabla lami haijakauka. Aliyekuwa na shamba aliuza kwa vipande, aliyekuwa na kipande akajenga, na mwenye nia ya kiwanda akakuta ekari tano zina bei ya kiwanda kizima. Umma ulilipia barabara, thamani ikabaki kwa wenye ardhi, na kodi za ardhi za kaunti hazikuwahi kurudisha hata sehemu ya maana.

Kuna anayestahili kusikilizwa hapa, naye ni mtetezi wa Tatu City. Katika yaliyokuwa mashamba ya kahawa ya Ruiru, ekari 5,000, mradi huo ulizinduliwa 2010, ukakwama miaka kadhaa katika kesi za wanahisa, na mwaka 2017 ukapewa hadhi ya eneo maalum la kiuchumi, ambako kampuni hulipa kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza. Dormans wanakaanga kahawa pale, Kim-Fay wamehamia pale. Hizo ni ajira halisi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kilichojengwa ni maghala, na ghala huweza kuwa kituo cha bidhaa za nje kama linavyoweza kuwa cha bidhaa zetu. Tena kampuni inayotoka Nairobi kwenda Ruiru kufuata kodi nafuu imehama, haijaongezeka. Uzio mmoja wenye stima isiyokatika na maji ya uhakika unaonyesha vilevile kilichokosekana nje ya uzio.

Kwa maana nje ya uzio kila mtu anajijengea serikali yake ndogo. Landilodi anachimba kisima, anapandisha matangi, anajenga shimo la maji taka na kulipia gari la kulinyonya, anaweka jenereta. Vyote vinaandikwa kama uwekezaji na vyote vinafanya kazi ambayo bomba moja la mji lingefanya kwa gharama ndogo kwa kila nyumba. Bwawa la Karimenu II, lililokamilika 2022 huko Gatundu Kaskazini ili kulisha Gatundu, Juja na Ruiru, linaonyesha nini hutokea serikali inapomaliza kazi. Upande wa pili kuna Itare, lililosimama 2018 mkandarasi wake Mwitaliano alipoishiwa, na Arror na Kimwarer, yaliyogeuka kesi kabla ya kugeuka maji.

Turudi kwa mwenye fedha. Kumhukumu kwamba hapendi viwanda ni kumwonea; anasoma bei kama zilivyo. Akikusanya kodi ya nyumba isiyozidi shilingi milioni 15 kwa mwaka, anatozwa asilimia 7.5 ya makusanyo tangu Januari 2024. Awali ilikuwa 10. Akifungua kampuni ya kutengeneza misumari, faida inakatwa asilimia 30, mbali na ada za leseni na wakaguzi. Februari 2024 Hazina iliuza hati fungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Serikali ilitafuta shilingi bilioni 70. Wawekezaji wakajitokeza na zaidi ya bilioni 280, na ikachukua bilioni 240. Fikiria maana yake kwa mkurugenzi wa kiwanda Thika anayetaka kubadilisha boila. Boila hiyo ingepaswa kumletea zaidi ya asilimia 18, baada ya kodi, baada ya bili ya stima, baada ya mgomo na shilingi kuyumba, ndipo imshinde mtu aliyelala nyumbani na hati yake. Kufikia Desemba 2024 mikopo ya benki kwa sekta binafsi ilikuwa ndogo kuliko mwaka mmoja kabla. Riba zimeteremshwa tangu hapo, ila kiwanda hakirudi kwa mwendo ambao kiliondoka nao. Eveready ilifunga kiwanda chake cha betri Nakuru 2014, Sameer ikafunga cha matairi Nairobi 2016. Mashine zikishauzwa kama vyuma chakavu na mafundi wakishatawanyika, riba nafuu haiwakusanyi.

Mchango wa viwanda katika pato la taifa unasimulia hayohayo. Ajenda Nne Kuu za mwaka 2017 zilitaka ufike asilimia 15 kufikia 2022. Badala yake umeteremka chini ya 8. Kwa maoni yangu uamuzi mmoja ulifanywa bila mjadala wa kutosha: Aprili 2020, katikati ya taharuki ya korona, Bunge liliondoa nafuu iliyomruhusu mwekezaji wa zaidi ya shilingi milioni 200 nje ya miji mikuu kukata asilimia 150 ya gharama zake kwenye kodi. Nafuu hiyo ilikuwa na mianya, sawa. Lakini kufuta kivutio cha mashine kisha kupunguza kodi ya nyumba za kupangisha ni kuchagua upande, hata kama hakuna waziri aliyesimama kusema hivyo.

Iliyobaki ni serikali yenyewe, ambayo ndiyo iliyoinua uwiano katika muongo uliopita. Reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa Mei 2017 kwa shilingi bilioni 327, na barabara nyingi za enzi hiyo zilijengwa kwa mikopo. Deni la taifa lilitoka chini ya shilingi trilioni 2 mwaka 2013 na kupita trilioni 10 mwaka 2023. Mwekezaji anayekopa hupimwa na mapato ya alichojenga, na mapato ya reli hayajaweza kubeba mkopo wake. Mzigo umehamia kwenye bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inadai angalau asilimia 30 ya bajeti itengewe maendeleo. Lakini mapato yakipungua, mishahara na riba hulipwa kwanza, na panga huangukia miradi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipoondolewa baada ya vijana kuingia Bungeni tarehe 25 Juni, bajeti ya ziada iliyofuata ilikata hukohuko. Wakandarasi walikuwa wamekwisha kuegesha mitambo, wengine kwenye barabara nusu lami nusu vumbi, wakidai bili za miaka.

Ili kuwalipa, serikali mwaka 2025 iliamua kuuza mapato yajayo ya ushuru wa kukarabati barabara. Kila lita ya petroli au dizeli hutozwa shilingi 25 kwa kazi hiyo, na shilingi 7 kati ya hizo zikawekwa rehani ili kupata shilingi bilioni 175 mara moja. Wakandarasi walirudi kazini, na hilo si dogo. Ila kazi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ilishafanywa na kuhesabiwa miaka iliyopita. Dereva wa matatu anayejaza tangi Mugutha mwaka huu, na mwaka ujao, na mingine kadhaa, analipia lami ya zamani, huku shilingi zilizobaki zikigombaniwa na magavana, wabunge na mamlaka za barabara kabla hazijafika kwenye njia za udongo zinazotoka barabara kuu kuelekea kwenye zile ghorofa mpya.